Karatasi Mbili Kabla ya Saa Nane na Nusu

Waheshimiwa wawakilishi wa wadi, walimu, wakutubi wenzangu, na nyinyi wananchi mliofunga safari kutoka Molo, Kuresoi na Gilgil mkaja kunisikiliza hapa Nakuru, hamjambo.

Nimeombwa nieleze kazi ya maktaba ya bunge. Wengi huiwazia kuwa chumba cha rafu na vumbi, mahali ambapo mheshimiwa hupitia magazeti akisubiri kengele ya kikao. Magazeti yapo, lakini moyo wa kazi yetu ni swali. Mwakilishi huuliza, mkutubi hutafuta, na jibu lazima lifike kabla ya kura kupigwa, kwa maana jibu sahihi likifika kesho yake halimfai mtu.

Chukueni jambo linalowagusa wakulima wa kaunti hii. Tuseme mjumbe wa kamati ya kilimo anataka kujua ni kwa nini wanunuzi bado wanapakia viazi katika gunia lenye kilemba, yaani lililorefushwa juu ili libebe kupita kipimo, ilhali kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50. Anauliza asubuhi, na kikao ni saa nane na nusu alasiri. Mkutubi hatamrundikia vitabu kumi mezani. Ataanza na Gazeti Rasmi, athibitishe maneno ya kanuni yenyewe. Atapitia Hansadi, ambayo ni kumbukumbu ya yaliyosemwa ukumbini, aone kama suala hilo liliwahi kuulizwa na ni ahadi gani iliyotolewa. Atatafuta kama kuna uamuzi wa mahakama, na atatazama sheria za Nyandarua, ambako pia viazi hulimwa kwa wingi. Kisha atafungua Jedwali la Nne la Katiba, na hapo ndipo penye uzito, kwa sababu Jedwali hilo huzipa kaunti kazi ya kilimo huku sera ya kilimo ikibaki kwa serikali ya taifa. Mjumbe akishaelewa mpaka huo, atajua kama anahitaji kutunga sheria mpya au kumwita afisa wa kaunti aeleze ni kwa nini iliyopo haitekelezwi. Yote hayo huwekwa katika karatasi mbili, kila dai na chanzo chake.

Nasisitiza chanzo kwa sababu niliwahi kukosea. Katika mwaka wangu wa kwanza kazini, kwenye bunge moja la kaunti, nilimpa mwakilishi nakala ya sheria ambayo kifungu chake kimoja kilikuwa kimekwisha kufanyiwa marekebisho. Alisimama akakisoma kwa sauti, na mwenzake akamrekebisha mbele ya wote. Hakunilaumu, ila alirudi maktabani akaiweka ile nakala mezani pangu, akaketi kimya. Tangu siku hiyo sijatoa karatasi bila kuandika juu yake tarehe niliyoihakiki.

Mkutubi wa bunge hana mrengo. Karatasi atakayompa kiongozi wa walio wengi ni ileile ambayo angempa kiongozi wa walio wachache, na jina la aliyeuliza halitoki mlangoni, kwa kuwa mwakilishi anayeogopa kuonekana hajui hatauliza kamwe, na asiyeuliza hupiga kura kwa kufuata mkono wa jirani. Wala hatumwambii mtu apige kura vipi. Tunamwonyesha kila njia na gharama yake, basi.

Kuhusu upana wa rafu zetu, mfano wa Marekani una funzo. Jeshi la Uingereza lilipoichoma Washington mwaka 1814, vitabu vya Bunge viliteketea, na mwaka uliofuata Bunge likanunua maktaba ya Thomas Jefferson, rais wa zamani wa nchi hiyo, vitabu 6,487. Baadhi ya wabunge walipinga, wakisema mengi humo hayawahusu. Jefferson alishikilia kwamba hakuna somo ambalo mbunge hawezi siku moja kulihitaji. Mimi niko upande wake: aliyeulizwa kuhusu gunia la viazi hujikuta akisoma juu ya mizani, barabara na katiba.

Sasa niwageukie nyinyi msio waheshimiwa. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge lifanye kazi yake mbele ya umma na liwashirikishe wananchi, na cha 196 kinayataka mabunge ya kaunti yafanye vivyo hivyo. Kifungu cha 35 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa afisi ya umma siku 21 za kujibu ombi. Mbele ya mama wa Kuresoi, hata hivyo, haki hiyo huja kama tangazo gazetini linalomwelekeza afisi ya karani kuchukua mswada wa kurasa nyingi, kwa Kiingereza cha mawakili. Inaniuma, kwa sababu Kifungu cha 120 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Bunge. Mwezi Juni mwaka 2024 tuliona vijana wakiufafanua Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu kwa lugha za nyumbani. Sitaingia katika yaliyofuata barabarani, ambako maisha yalipotea. Nasema tu kwamba kazi ile ya kufafanua ilikuwa yetu wakutubi.

Inawezekana. Maktaba ya Bunge la Makabwela la Uingereza huchapisha muhtasari wake wazi kwa kila msomaji. Marekani, ripoti za watafiti wa Bunge hazikuwekwa wazi rasmi kwa umma kwa miongo mingi, hadi sheria ya mwaka 2018 ilipoagiza zichapishwe.

Kwa hiyo ombi langu kwa waheshimiwa mlioko hapa ni moja. Karatasi zile mbili za viazi, jina la aliyeuliza likiwa limeondolewa, zitafsiriwe kwa Kiswahili na kubandikwa kwenye kila afisi ya wadi na maktaba ya umma siku saba kabla ya kikao cha kusikiliza maoni, kwa herufi ambazo mzee asiye na miwani anaweza kuzisoma. Tafsiri ya kwanza niko tayari kuiandika mimi, wiki hii.