Glovu ya Kushoto

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo kaka Sele kaahidi kufuata ratiba, na nyinyi ni mashahidi. Tuna mambo matatu ya nyumba yenye watoto wadogo majira ya baridi: unyevu wa ndani pale nguo zinapoanikwa sebuleni na madirisha yamefungwa, mafua ya zamu, na koti nene kwenye kiti cha gari. Dakika kumi kumi.

SELE: Sawa, ila natanguliza kadogo. Wiki hii nimepekua kikapu cha mlangoni. Glovu saba za watoto, zote za kulia.

REHEMA: Haya. Mmesikia, si mimi niliyeanzisha.

SELE: Nauliza kitaalamu. Za kushoto huwa zinakwenda wapi?

REHEMA: Kwa mantiki ingepotea ya kulia. Watoto wengi wanatumia mkono wa kulia. Akitaka kushika zipu au kuokota kijiti, anavua hiyo hiyo, ndiyo inayobaki kwenye theluji.

SELE: Hapana, dada. Ya kulia anaivua kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo anaishika. Ya kushoto anaivua kwa meno. Akifungua mdomo kuongea, imekwenda.

REHEMA: Nadharia ya meno. Tuingie kwenye unyevu.

SELE: Subiri, dawa yake ipo. Usinunue jozi moja nzuri, nunua mbili zinazofanana: rangi moja, saizi moja. Zikipotea mbili, ndani ya mbili zilizobaki jozi ipo. Ukinunua nyekundu na ya bluu, ikipotea moja ya kila rangi unabaki na yatima wawili.

REHEMA: Labda zipotee mbili za mkono mmoja.

SELE: Za kushoto, ndiyo. Hapo umekwisha.

REHEMA: Mtoto wa chini ya miaka mitatu mnunulie glovu za mfuko, zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja na gumba peke yake, na gumba lake limeshonwa pembeni kabisa. Hiyo haina kulia wala kushoto, inaingia mkono wowote.

SELE: Umefuta kushoto duniani.

REHEMA: Nimefuta. Na kwa mtoto aliye chini ya mwaka, hata gumba halihitajiki, mfuko mtupu unatosha. Halafu za mfuko zina joto zaidi kwa sababu vidole vinagusana, vinapashana. Kwenye glovu ya vidole vitano kila kidole kimezungukwa na baridi pande zote, na kidole cha mtoto ni chembamba, kinapoteza joto haraka.

SELE: Kitambaa je? Watu hudhani kitu kikiwa kinene basi kimetosha.

REHEMA: Unene bila kuzuia maji ni kazi bure kwa mtoto anayechimba theluji. Theluji inanasa kwenye nyuzi, joto la mkono linaiyeyusha, maji yanaingia. Pamba ikilowa inakuwa kama umemvika kitambaa cha deki. Sufu ikilowa bado inahifadhi joto kiasi. Kwa siku kavu yenye baridi kali, sufu inatosha. Kwa theluji inayoyeyuka, nje pawe na kitambaa kisichopitisha maji, ndani bitana yenye manyoya.

SELE: Na hapo ndipo linapokuja suala la gumba.

REHEMA: Sele.

SELE: Hili ni muhimu! Watu wanapoteza dakika nzima mlangoni kwa gumba moja. Mzazi anashika ncha ya glovu na kuvuta. Vidole vinaingia, gumba linalala kwenye kiganja, mtoto analia kwamba kuna kitu kinambana.

REHEMA: Hapo nakubali, kosa ni kuvuta ncha. Mwambie aonyeshe dole, gumba juu na vidole vingine vimenyooka pamoja. Fungua mdomo wa glovu kwa vidole vyako viwili, sukuma kutoka kwenye kifundo cha mkono. Gumba likifika kwenye shimo lake, lishike kwa nje kupitia kitambaa, livute taratibu mpaka likae. Ndipo ukaze kifundo cha glovu. Ukikaza kabla, umelifungia njiani.

SELE: Na kama mdomo wa glovu ni mwembamba?

REHEMA: Usinunue. Tafuta yenye zipu pembeni au mdomo mpana wa kukazwa kwa lastiki. Mtoto wa miaka miwili hakunji gumba kwa amri yako.

SELE: Glovu zije mwisho au kabla ya koti?

REHEMA: Inategemea kifundo cha glovu. Kama ni kifupi cha kusukwa, glovu kwanza, koti juu yake, mkono wa koti uifunike. Kama ni kirefu, koti kwanza, glovu juu ya mkono wa koti, halafu kaza. Mvua ya baridi ikinyesha, hata hicho kirefu kiingie ndani ya mkono wa koti, maana maji yanashuka na mkono na kujaa kwenye glovu kama kikombe.

SELE: Basi taja mpangilio mzima ili watu wasituandikie.

REHEMA: Choo kwanza, hata akisema hataki. Soksi, suruali ya ndani ichomekwe kwenye soksi isipande. Suruali ya theluji akiwa amekaa. Buti. Lastiki ya suruali ishuke juu ya buti, si ndani yake. Kofia, kizuia baridi cha shingoni, kisha koti na glovu kwa zamu niliyotaja. Na wewe mwenyewe uwe umeshavaa kabla hujaanza. Ukimvika yeye kwanza kisha ukatafuta funguo, anatoka jasho ndani, na nguo yenye jasho nje inageuka barafu ya taratibu.

SELE: Kama ni watatu?

REHEMA: Anayejivika mwenyewe anaanza, mdogo kabisa wa mwisho.

SELE: Kukausha. Usiniambie tunaingia kwenye unyevu, hii ni glovu bado.

REHEMA: Ni glovu na ni unyevu, nimekuvumilia. Glovu yenye bitana nene inaweza kuchukua usiku mzima kukauka, ndiyo maana jozi mbili si anasa. Kwanza itandaze kwenye taulo kavu, kunja taulo kama mkeka, mtoto akanyage juu. Kazi wanaipenda. Maji mengi yanahamia kwenye taulo. Usikamue kwa kusokota, bitana inachomoka.

SELE: Ikichomoka?

REHEMA: Mpini wa mwiko, ule wa mviringo. Unasukuma bitana irudi kidole kwa kidole. Na ukimvua mtoto glovu, vuta kwenye ncha huku umeshika kifundo, usivute kifundo peke yake; hapo ndipo inapogeuka ndani nje.

SELE: Kisha juu ya hita.

REHEMA: Kisha *si* juu ya hita. Hita ya umeme haifunikwi na kitu, ni moto huo. Acha walau mita moja. Hata ile ya maji ya moto ukutani, joto la kugusa linaharibu gundi na utando unaozuia maji. Ning'iniza karibu, mdomo ukitazama chini ili hewa ya moto inayopanda iingie ndani. Buti vilevile: toa kitambaa cha ndani, jaza magazeti, badilisha magazeti baada ya saa moja au mbili. Ukiyaacha usiku kucha yanakaa na maji yaleyale.

SELE: Sasa jawabu langu la kudumu. Uzi. Unashona uzi mmoja kutoka glovu hadi glovu, unapita ndani ya mikono ya koti na mgongoni. Urefu ni kifundo hadi kifundo mikono ikiwa imenyooshwa, ongeza upana wa viganja viwili. Ukiwa mfupi unavua glovu kila akinyoosha mkono, ukiwa mrefu unaburuta. Hakuna cha kushoto kupotea tena.

REHEMA: Hapana. Kamba kwenye nguo ya mtoto anayepanda bembea na kuteleza, hapana.

SELE: Iko ndani ya koti!

REHEMA: Iko ndani mpaka avue glovu zikining'inia. Hapo kuna kitanzi kinatoka kwenye mkono, kinanasa kwenye upenyo juu ya mtelezo, na yeye tayari anashuka. Kiwango cha Ulaya cha EN 14682 hakiruhusu kamba za kofia wala shingoni kwa nguo za watoto hadi miaka 7, na sababu ni hiyohiyo ya kunaswa.

SELE: Hiyo ni kamba ya kukaza kofia, inakaa shingoni. Uzi wangu uko mgongoni. Wewe unapendekeza nini, vibanio?

REHEMA: Vibanio. Lastiki fupi, sentimita kumi hivi, kutoka mkono wa koti hadi glovu. Kikinasa, kinaachia.

SELE: Ndiyo tatizo lake, kinaachia. Glovu ikilowa inakuwa nzito, meno ya kibanio yanateleza. Na kikivunjika, kipande kinaingia mdomoni mwa mdogo wake.

REHEMA: Nakagua kila wiki.

SELE: Nani anakagua vibanio kila wiki nyumba ina watoto watatu?

REHEMA: Anayekagua uzi kama umelegea ni nani?

SELE: Uzi mwembamba wa sufu unakatika ukivutwa kwa nguvu.

REHEMA: Umejaribu kuukata na uzito wa mtoto? Hujui unakatika kwa nguvu gani. Mimi siruhusu.

SELE: Na mimi sinunui vibanio.

REHEMA: Basi.

SELE: Basi.

REHEMA: Dakika zimebaki nne. Unyevu na mafua vimekufa. La gari nalisema kwa sababu ni hatari, usinikatize.

SELE: Sema, dada.

REHEMA: Koti la manyoya ndani halivaliwi chini ya mkanda wa kiti cha mtoto. Linajaa hewa, mkanda unaonekana umekaza, gari likigonga koti linabonyea na mkanda unabaki legevu. Jipimie: mfunge na koti, kaza, mfungue bila kulegeza mkanda, vua koti, mfunge tena. Nafasi utakayoiona ndiyo hiyo. Kwa hiyo koti livuliwe, afungwe na sweta nyembamba, kisha ujaribu kubana mkanda wenyewe kwa vidole usawa wa mfupa wa bega. Ukiweza kuukunja, bado ni legevu. Ukishakaza, mfunike na koti kwa mbele, mikono iingie kinyumenyume.

SELE: Na glovu abaki nazo?

REHEMA: Abaki nazo. Zima maikrofoni.