Fundi Akiandikwa Kibarua

Wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi. Najua wengi mmetoka saiti moja kwa moja, kwa hiyo nianze na saiti, na sheria ya Marekani inayolinda ujira wenu humo: Davis-Bacon.

Miaka ya 1920 mkandarasi kutoka Alabama alishinda zabuni ya serikali kujenga hospitali ya maveterani huko Long Island, New York. Akaja na vibarua wake, kwa ujira wa kusini, uliokuwa chini ya ule wa New York. Mbunge wa eneo hilo, Robert Bacon, akapeleka muswada wa kuzuia hilo mwaka 1927. Haukupita mpaka mdororo wa uchumi ulipobana. Rais Hoover aliutia saini tarehe 3 Machi 1931, ukabeba jina la Bacon na la seneta James Davis. Tusifiche: vibarua wale wengi walikuwa Weusi, na wapo wabunge walioutetea kwa sababu hiyo hasa. Wapinzani wa sheria hulitaja doa hilo mpaka leo, nao hawasemi uongo.

Sheria yenyewe inasema hivi: kwenye ujenzi wa serikali kuu ya Marekani unaozidi dola 2,000, fundi asilipwe chini ya ujira unaotawala eneo lile kwa kazi ile. Hizo dola 2,000 ni za mwaka 1935! Siku hizi hata kupaka rangi korido kunazipita.

Ujira upi ndio unaotawala? Hapo ndipo penye vita. Zamani ilitosha asilimia 30 ya mafundi walipwe kiasi kimoja. Mwaka 1983 ikawa lazima wazidi nusu, la sivyo unachukuliwa wastani. Mwaka 2023 ile 30 ikarudi. Wenye vyama vya wafanyakazi hulipwa sawa mpaka senti, wasio navyo kila mtu na bei yake; sasa piga hesabu mwenyewe 30 inamfaa nani.

Lakini ninyi hamtapunjwa na asilimia. Mtapunjwa na jina la kazi. Unavuta nyaya kutwa nzima, kwenye orodha ya malipo umeandikwa kibarua, mwenye ujira mdogo. Orodha hiyo mkandarasi huipeleka kila wiki, na hutia saini kwamba ni ya kweli. Karatasi ya viwango vya ujira lazima ibandikwe saiti mnapoiona: isome. Kisha nunua kidaftari, kila jioni andika saa ngapi umeshika koleo na saa ngapi umeshika nyaya.