Maji, Hongo na Mpagazi: Njia ya Bagamoyo hadi Ujiji

Asanteni, na shikamooni wazee wangu mlioketi mbele.

Njia hii tumezoea kuisimulia kwa majina ya wageni: Burton, Speke, Livingstone, Stanley. Burton na Speke walipoondoka pwani Juni 1857 hawakuvumbua njia yoyote. Waliongozwa na watu waliokuwa wakienda na kurudi. Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu tangu mwanzoni mwa karne ya 19, kabla ya Waarabu na Waswahili kujenga Tabora.

Kutoka Bagamoyo pwani hadi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ni kilomita 1,200 hivi. Gari la kukokotwa halikufaa, na mbung'o waliwamaliza punda. Kila kitu kilikwenda kichwani na begani. Mpagazi alibeba kilo 30 hivi za tajiri, akaongeza mkeka wake, chungu chake na akiba ya chakula. Mtumba wa merikani, ile pamba isiyotiwa rangi kutoka Marekani, ulikazwa na kupigwa mpaka ukawa mgumu kama gogo. Lakini mtihani wenyewe ulikuwa shanga. Hapa wanataka nyekundu, mbele kidogo hawazitazami hata ukiwapa bure. Tajiri aliyekosea kununua Unguja aliweza kulala njaa akiwa na mizigo tele ya mali.

Halafu Ugogo, nchi ya Wagogo, upande wa Dodoma ya leo. Kabla ya kufika kuna Marenga Mkali, nyika isiyo na maji. Misafara iliterekeza: watu walipika na kunywa, wakaondoka mchana, wakalala njiani bila maji, wakaendelea alfajiri. Ng'ambo ya pili walikutana na watemi wa Kigogo wakidai hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa nguo na shanga. Wazungu waliandika kurasa na kurasa za malalamiko. (Naona wenzetu wa Dodoma mnacheka.) Mimi nasema watemi wale walikuwa na haki. Kundi la mamia ya watu linakuja kiangazi kwenye visima ulivyochimba wewe, linywe, lichote, liende zake bure?

Siwezi kuyasema haya nikawaruka watumwa. Walipita njia hii hii, wengi kutoka Manyema, ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Tanganyika, na baadhi waliishia kwenye mashamba ya Tabora. Ila si kila aliyebeba mzigo alikuwa mtumwa. Wapagazi wa Kinyamwezi walilipwa ujira, waligoma, na wakidhulumiwa walitupa mizigo wakatoroka. Tukiwachanganya, tunafuta mateso ya hawa na ujuzi wa wale.

Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, alielewa thamani ya njia. Mwaka 1871 aliifunga magharibi ya Tabora, na Stanley akalazimika kuzunguka kusini ili afike Ujiji.

Wajerumani nao walianza kujenga reli Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kwa sehemu kubwa waliifuata njia ya wapagazi, ila miisho yote miwili waliihamisha. Bagamoyo ikabaki pembeni, na Ujiji ikaachwa kilomita chache kusini ya stesheni ya mwisho. Lakini Kiswahili kilikuwa kimeshaifuata njia na kuvuka Ziwa Tanganyika, kiko Kongo mpaka leo.

Naona mkono kule nyuma. Karibu, dada.