Difu ya kubana kwenye Chevelle na wenzake: namna ya kuitambua na kuiboresha

Karibuni. Gari mnaloliona juu ya stendi ni Chevrolet Chevelle ya 1970, na leo kazi yetu yote iko nyuma, kwenye difu. Magari haya ya Kimarekani ya miaka ya 60 na mwanzo wa 70 yanauzwa kwa maneno mengi, na neno linaloongeza bei haraka kuliko yote ni "posi", yaani difu ya kubana. Usilipie neno hilo kabla hujaingia chini ya gari mwenyewe. Hauzingi, yaani ganda la nje la difu, ni jambo moja, kilichomo ndani ni jambo jingine, na kwa zaidi ya miaka 50 watu wamekuwa wakifungua, wakihamisha na kubadilisha vitu humo.

Kwanza tuelewane difu hii inafanya nini. Difu ya kawaida inagawa nguvu sawasawa kwa magurudumu mawili. Gurudumu moja likikanyaga tope, halihitaji nguvu nyingi kuzunguka, basi na mwenzake aliye pakavu anapata kiasi hichohicho kidogo. Matokeo yake moja linachoma mpira na gari halisogei. Difu ya kubana ina pleti za klachi nyuma ya gia za pembeni. Springi zinazisukuma, na ukikanyaga mafuta, gia zenyewe zinazibana zaidi. Magurudumu yanafungwa pamoja kiasi, lakini ukikata kona pleti zinateleza ili la nje lizunguke zaidi ya la ndani. Chevrolet waliita yao Positraction na wakaanza kuiuza 1957. Pontiac waliita Safe-T-Track, Oldsmobile wakaita Anti-Spin, Chrysler Sure Grip, Ford Traction-Lok, AMC Twin-Grip. Majina mengi, kazi moja.

Sasa twende chini. Hesabu bolti za kifuniko cha nyuma. Hapa ziko 12, na kifuniko kina umbo la yai. Hii ndiyo "12-bolt" inayotafutwa: krauni yake, ile gia kubwa ya duara, ina kipenyo cha inchi 8.875, na ekseli zake zina splaini 30, yaani meno ya mwisho wa ekseli. Ukihesabu bolti 10, usifunge mjadala hapo, maana kuna mbili zinazofanana. Pitisha mkono sehemu ya chini ya hauzingi. Ikiwa ni laini na ya mviringo, hiyo ni ya inchi 8.2. Ikiwa kuna vinundu viwili vya mraba vimejitokeza, kimoja upande huu na kimoja ule, hiyo ni ya inchi 8.5, na ni imara zaidi. Mimi nisingetia pesa ya kuboresha kwenye ile ya 8.2 kama injini imeongezwa nguvu. Afadhali utafute hauzingi ya inchi 8.5 au ya bolti 12 na uanzie hapo.

Wenye Ford na Chrysler: kwenye Ford ya inchi 9 na Chrysler ya inchi 8¾ hutaona kifuniko cha nyuma cha kufungua, kwa sababu difu nzima inatolewa kwa mbele. Ford mara nyingi ina kibati kwenye bolti ya difu. Ukisoma 3L50, uwiano (duru za propela kwa duru moja ya gurudumu) ni 3.50, na herufi L katikati inasema ni ya kubana. Ukitaka kujua kama ni ya inchi 9 au ni ile ndogo ya inchi 8, jaribu soketi kwenye nati za chini. Kwenye ya inchi 9, nati mbili za chini hazipokei soketi, zinataka spana ya pete. Kwa Chrysler, tafuta namba iliyotoka na chuma chenyewe pembeni mwa difu: ikiishia 741, 742 au 489, utajua una pinioni (gia ndogo inayozungusha krauni) ya aina gani. Lakini namba hiyo haisemi lolote kuhusu kubana, kwa hiyo kipimo kinachofuata kinawahusu wote.

Turudi kwenye Chevelle. Msimbo wa ekseli umegongwa kwenye bomba la kulia, upande wa mbele, karibu na hauzingi ya katikati. Safisha kwa brashi ya waya na umulike tochi kwa pembeni ili herufi zitoke. Huenda pia ukakuta kibati kwenye bolti ya kifuniko kinachokuagiza kutumia oili maalumu ya difu ya kubana. Karatasi ya kiwandani, kama bado ipo, mara nyingi hukutwa juu ya tangi la mafuta, na ukiona G80 humo, gari lilitoka kiwandani na Positraction. Hayo yote ni ushahidi wa gari lilivyozaliwa. Lilivyo leo, tunapima.

Weka vizuizi kwenye magurudumu ya mbele, inua nyuma yote, na stendi zikae chini ya mabomba ya ekseli. Injini imezimwa. Nasisitiza hili: gari lenye difu ya kubana usiliwashe na kulitia gia gurudumu moja likiwa juu na jingine chini. Lile la chini litapata nguvu, litashika sakafu, na gari litaruka kutoka kwenye jeki. Watu wameumia hivyo.

Tia gia nyutro, achia breki ya mkono, zungusha gurudumu moja. La pili likifuata mwelekeo uleule, dalili ni nzuri. Likizunguka kinyume, ni difu ya kawaida, au ni ya kubana iliyokwisha klachi. Usiishie hapo. Tia gia ili propela isizunguke, kisha jaribu tena gurudumu lilelile. Difu ya kawaida itakuachia uzungushe kwa mkono mmoja. Difu ya kubana yenye afya itakupinga kwelikweli. Ikikupinga kidogo tu halafu ikaachia, pleti zimechoka.

Tukiwa hapohapo, tupime uwiano. Rudisha nyutro, chora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela. Kama magurudumu yanakwenda pamoja, zungusha duru moja kamili na uhesabu duru za propela. Tatu na theluthi ni 3.31, tatu na robo tatu hivi ni 3.73, nne na kidogo ni 4.10. Kama ni difu ya kawaida, zuia gurudumu moja na uzungushe jingine duru mbili.

Sasa fungua kifuniko. Weka beseni, legeza bolti zote lakini acha mbili za juu zikishika, kisha bandua kwa chini oili imwagike. Inusa, ipitishe kati ya vidole. Unga laini wa kijivu ni kawaida, vipande vinavyokwaruza ni taabu. Halafu chungulia kwenye dirisha la kasha, yaani kile chuma kinachobeba krauni. Ukiona spaida (gia ndogo za katikati) na uwazi katikati yake, ni difu ya kawaida. Ukiona springi fupi za koili zimebanwa kati ya pleti mbili, hiyo ni Positraction iliyotengenezwa na Eaton. Traction-Lok za baadaye za Ford zina springi moja bapa yenye umbo la S.

Hapa ndipo watu wengi hununua kitu kisichoingia. Kasha za 12-bolt hazilingani zote. Kuna la uwiano wa 2.56 hadi 2.73, kuna la 3.07 hadi 3.73, na kuna la 4.10 na kuendelea. Sababu ni kwamba uwiano ukipanda, pinioni inakuwa nyembamba, na krauni lazima isogee kuifuata. Kwa hiyo amua uwiano kwanza, kasha baadaye. Kama kasha lako ni zima na klachi tu ndiyo imekwisha, nunua pleti mpya na springi. Springi zinauzwa za ratili 200, 400 na 800. Kwa gari la barabarani achana na za 800, zitafanya gari lipige kelele kila kona na kula pleti mapema. Ukitaka kitu kisicho na klachi kabisa, difu ya kubana iitwayo Truetrac inatumia gia za mshazari na haihitaji kiongezeo cha difu ya kubana kwenye oili. Kwa gari la kuendesha kila wiki, mimi ningechagua hiyo.

Kulitoa kasha: ondoa bolti ndogo inayofunga pini ya spaida, vuta pini, sukuma ekseli ndani kidogo, na klipu za umbo la C zitadondoka. Vuta ekseli nje taratibu zisichane sili. Kabla ya kufungua kofia za beringi, zigonge alama ya kushoto na kulia, maana hazibadilishani. Kasha limekaa kwa mbano, kwa hiyo libandue kwa mtaimbo huku mkono mwingine ukilishika. Funga shimu (vipande vyembamba vya kurekebisha nafasi) za kila upande kwa waya na uandike. Halafu bolti za krauni: zina nyuzi za kushoto. Kufungua unageuza kama saa inavyokwenda. Ukilazimisha upande wa kawaida utazikata.

Pleti mpya ziloweke kwenye oili iliyochanganywa na kiongezeo kabla ya kuzipanga. Krauni ifungwe kwa kuvukavuka, bolti hii kisha ya upande wa pili, mpaka ikae sawa. Kwa kuwa pinioni hatukuigusa, kina chake kimebaki palepale, na kinachobaki ni kupanga shimu za pembeni. Weka saa ya kupimia kwenye jino la krauni na utafute plei, yaani uwazi kati ya meno, ya milimita 0.15 hadi 0.25, upime sehemu kadhaa za duara. Paka rangi kwenye meno, zungusha huku ukizuia kidogo, na uangalie alama ikae katikati ya jino. Ukibadilisha na uwiano, pinioni nayo inatoka, na hapo mpelekee fundi mwenye presi na vipimo.

Rudisha ekseli, klipu, pini na bolti yake, kisha gasketi na kifuniko. Jaza oili ya 80W-90 GL-5 pamoja na kiongezeo mpaka iguse ukingo wa chini wa tundu. Tafuta uwanja mtupu na uendeshe polepole kwa umbo la nane mara kadhaa, ili oili iingie kati ya pleti. Ukisikia mtetemo na mgugumio kwenye kona, ongeza kiongezeo kidogo kabla ya kufungua chochote. Ukishatembea kilomita 800, mwaga oili hiyo yote, futa unga wa pleti mpya ndani ya hauzingi kwa kitambaa safi, na ujaze nyingine.