Kiskőrös Haikuanza na Petőfi

Ndugu zangu, mambo ya vita na Waturuki, vilivyoacha sehemu kubwa ya Hungaria bila watu, mnayajua, sirudii. Nianze na hili ninalolisema kila nikishika kipaza sauti na leo nalisema tena: ukitaja Kiskőrös, kale kamji ka mizabibu kusini mwa Budapest, Hungaria, mtu anakujibu Petőfi, yule mshairi mkubwa wa Hungaria aliyezaliwa pale, basi, kamaliza. Hajamaliza! Baada ya vita hivyo pale palikuwa mahame, na mwaka 1718 ndo wenye ardhi wakaleta familia za Waslovaki, wakulima Walutheri kutoka kaskazini, miaka 105 kabla huyo mshairi hajazaliwa.

Haya, tumchukue huyohuyo Petőfi. Tarehe 1 Januari 1823, kwenye kijumba cha kuezekwa matete, anazaliwa mtoto wa István Petrovics, mwenye bucha, na Mária Hrúz. Huyu mama ndo nataka mumwangalie vizuri. Alikuwa mtumishi wa ndani na mfua nguo kabla ya kuolewa 1818, na lugha aliyokua nayo ni Kislovaki. Kwenye daftari la ubatizo, Kilatini kitupu, mtoto kaandikwa Alexander Petrovics, hilo la Petőfi alijichagulia mwenyewe ukubwani. Sasa najua kuna mtu atasimama aniambie lakini mwalimu, yeye mwenyewe alijiita Mhungaria. Ndiyo! Na aliipigania Hungaria mpaka akapotelea vitani Segesvár 1849, nani kabisha? Simnyang'anyi mtu Uhungaria wake, ninachouliza ni kwa nini akiwa Mhungaria lazima mama yake asitajwe, na majirani wa mama yake wasitajwe, wakati familia ya Petőfi ilihama mtoto hajatimiza hata miaka miwili na wale majirani ndo walibaki wakalima ule mchanga, wakazikana pale, wakasali kwa Kislovaki chao, mji wakaujenga wao.

Muda unanikimbiza. Ya 1946 nipite haraka: Hungaria na iliyokuwa Czechoslovakia zilisaini kubadilishana watu, Waslovaki wa Hungaria kwa Wahungaria wa kule, Waslovaki zaidi ya 70,000 wakaondoka Hungaria, waliobaki shule na kazi zikawavuta kwenye Kihungaria mpaka wajukuu wengi lugha ya bibi hawaijui. Nilitaka na Tessedik wa Szarvas, yule mchungaji aliyeanzisha shule ya kilimo 1780 kwenye mji mwingine wa Waslovaki, ila mwenyekiti naona kashaanza kuniangalia. Kiskőrös ipo nyumba ya kumbukumbu ya Waslovaki, mkitoka kwenye kijumba cha Petőfi pitieni na pale. Haya, maswali.