Jinzi ya 200 na Fundi wa 150

Hamjambo wote. Asanteni kwa kuja, najua Jumamosi saa nane na hili jua la Kisumu mtu angekuwa amejilaza kwa kivuli, kwa hivyo sitawaweka sana. Naona kina mama wa chama wako mbele, vijana wa kolegi wamejipanga kwa madirisha penye upepo, na wazee wangu watatu pale nyuma, karibuni sana. Mimi si mwanamitindo na siuzi nguo, mimi ni mama wa watoto watatu nanunua nguo vile nyinyi mnanunua, mshahara ukiingia inatoka kodi ya nyumba, karo, unga, halafu kile kimebaki ndio naangalia kama kuna rinda hapo ndani. Lakini nguo nazipenda, tangu nikiwa msichana nazipenda, na soko la Kibuye nimezunguka nikitafuta mitumba karibu kila Jumapili miaka 15 sasa, kwa hivyo kuna kitu nimejua na nimekuja nacho.

Nacho ni hiki, nguo ukiitoa sokoni bado haijakuwa yako. Inakuwa yako ikishapita kwa fundi.

Hebu muone hii jinzi. Pitisheni, shikeni, msiogope. Nilinunua shilingi 200 Kibuye, iko na kiuno cha 36 na mimi navaa 32, ilikuwa inaniburuza chini mpaka nikanyage. Mtu mwingine angeishika aone ni kubwa airudishe kwa rundo, na mama wa pale ni kama alishachoka nayo maana ilikuwa imegeuzwa geuzwa tangu asubuhi. Mimi nikaangalia vitu vinne peke yake. Kwanza katikati ya mapaja, hapo ndio jinzi hufia, kama uzi umeanza kuwa mweupe na mwembamba achana nayo hata ukipewa bure. Pili zipu, naivuta juu na chini mara tatu. Tatu nageuza ndani naangalia mshono. Nne naangalia pindo la chini kama halijaliwa. Zote zilikuwa sawa, nikalipa, nikapanda boda mpaka kwa fundi wangu mtaa wa Kondele, anashonea kwa baraza ya duka, cherehani ya kukanyaga kwa mguu.

Sasa vijana sikizeni hapa ju hii inawahusu. Trendi saa hii ni suruali pana, si ndio? Bagi zimerudi, kago zenye mifuko kwa mapaja zimerudi, zile za kubana mpaka kifundo cha mguu watoto wangu wanasema ni za wazee. Na mimi nasema hii ni habari njema sana kwa mtu wa pesa kidogo, na nitawaambia kwa nini. Suruali pana ina kitambaa, na penye kitambaa fundi ana kazi ya kufanya. Pana unaipunguza ikawa nyembamba, lakini ile ya kubana hakuna fundi duniani ataipanua, kitambaa atakitoa wapi? Wakati skini zilikuwa juu ulikuwa unalazimika kupata saizi yako kamili, ukikosa unarudi nyumbani mikono mitupu. Saa hii rundo lote ni lako. Hata zile za wanaume, hata zile za baba mnene wa Marekani zenye kiuno cha 40, chukua tu.

Fundi wangu kiuno aliingia kwa nyuma, akafungua mshono wa katikati kwa wembe, akatoa ule mkanda wa juu, akapunguza, akarudisha, na kile kitanzi cha mshipi kilichoko katikati mgongoni akakirudisha mahali pake, ukiangalia huwezi jua. Lakini kitu nataka muone ni pindo, angalieni pale chini. Hilo pindo ni lile lile jinzi ilikuja nalo, limefifia, lina ile michirizi myeupe ya kuvaliwa. Mafundi wengi wanakata tu chini wanakunja, na inabaki na pindo jipya la bluu kali linaloonekana limekatwa kutoka mbali. Wewe mwambie fundi abakishe pindo la zamani, atakata juu yake, atoe urefu haujatakikana, halafu alishone lile pindo tena kwa chini. Mshono unajificha hapo kwa mkunjo. Yangu alitaka 150 kwa yote, kiuno na pindo. Jumla 350. Nimeivaa mwaka wa tatu huu, kazini, kanisani, hata matanga nimeenda nayo na blauzi nyeusi.

Niwaambie upande ule mwingine pia. Mwaka juzi niliona rinda mtandaoni, picha msichana mrembo amesimama kando ya ua, rinda linaanguka vizuri, rangi ya embe iliyoiva, 1,800 pamoja na kuletewa. Nikatuma pesa. Ilikuja kitu kingine jameni. Rangi ndio hiyo lakini kitambaa chepesi hadi unaona mkono wako kwa upande wa pili, hakina bitana, zipu ya mgongo imeshonwa ikapinda, na mishono yote ndani imekatwa karibu karibu hakuna hata nusu inchi ya akiba, sasa hata fundi nilipompelekea aliligeuza ndani akaniangalia akanirudishia. Nilivaa mara mbili. Kila mara moja hiyo ilinigharimu 900. Ile jinzi sijui hata nimeivaa mara ngapi, tuseme kila wiki mara moja kwa hiyo miaka miwili iliyopita, hiyo ni zaidi ya mara 100, inamaanisha kila nikiivaa ni kama shilingi 3 na senti. Na iliniuma sana ile 1,800, ilikuwa pesa ya viatu vya shule vya mtoto.

Kwa hivyo mtu akiniambia mitumba ni ya maskini na nguo mpya ndio heshima, mimi nakataa kabisa. Jipya lililoshonwa vibaya ni hasara imevaa lebo.

Jambo lingine lazima nilitaje ni jua letu. Trendi nyingi zinashuka kwetu kupitia TikTok kutoka Nairobi, na Nairobi iko juu kule karibu mita 1,800, asubuhi wanahitaji jaketi kweli. Nimeishi Nakuru miaka minne, huko pia hivyo hivyo, sweta na hudi zina kazi, mvua ya mwezi wa saba unatetemeka. Lakini sisi tuko hapa chini kando ya ziwa, kama mita 1,130 tu, joto na unyevu, halafu naona kijana saa sita mchana stendi ya mabasi na jaketi ya kuvimba kama godoro, jasho inatiririka, na ananiambia ndio iko juu. Mwanangu, mtindo unaokuumiza haujakupenda. Kwa Kisumu tafuta pamba, tafuta kitani, na haya mashati mapana ya mikono mifupi ya wanaume yanayovaliwa wazi juu ya vesti, hiyo trendi naipenda, iliundwa kama kwa ajili yetu.

Na polista usidanganywe kwa macho. Lebo iko ndani kwa mshono wa ubavu, isome. Kama lebo imekatwa, kunja kitambaa ndani ya ngumi ukaze uhesabu mpaka kumi, pamba itatoka na mikunjo, polista inatoka laini kama hakuna kitu kimefanyika. Ukishanunua na bado una shaka, chomoa uzi mmoja ndani ya pindo uuchome na kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inabaki jivu unapangusa. Polista inayeyuka inakunjika inakuwa kidonge kigumu cheusi. Sasa fikiria hiyo plastiki ndio umejifunga nayo mgongoni ndani ya matatu saa saba.

Kuhusu bei kina mama mnajua, lakini wacha niwaambie vijana. Belo, lile furushi la mitumba, ikifunguliwa asubuhi zile nguo safi kabisa zinatolewa kwanza, ndio zinaitwa kamera, na wenye mabutiki wako pale saa kumi na mbili wanazingojea. Wanazifua, wanazipiga pasi, wanazitundika mjini na hiyo ya 300 inakuwa 1,000. Siwalaumu, wameamka mapema, wanalipa kodi ya duka. Ila ujue pasi hata wewe unayo nyumbani. Mwisho wa siku inabaki fagia, hapo ndio unasikia hamsini hamsini, chagua hamsini, na mimi hapo ndio napenda kwa nguo za watoto na mashati ya baba yao, ju shati kubwa la pamba la 50 fundi anatoa blauzi na bado inabaki kipande cha kola.

Kuna watu wananiuliza kama siwezi kuona uchungu kwamba tunavaa za watu wa nje. Uchungu uko. Wazee pale nyuma wanakumbuka KICOMI, hapa hapa Kisumu, ilikuwa inafanya nguo, watu walilisha familia kwa ile kampuni, na miaka ya tisini soko likafunguliwa, mitumba ikaingia kwa wingi, viwanda vikaanguka. Eldoret angalau kiwanda cha Rivatex kilifufuliwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi na kikafunguliwa upya 2019. Nikipata kitambaa cha Kenya cha pamba kwa bei ninayoweza nitakuwa wa kwanza kununua, nasema hivyo kutoka moyoni. Lakini 2020 serikali iliposimamisha kuingiza mitumba kwa sababu ya korona, mwezi wa tatu mpaka wa nane, niliona kwa plot yetu kina mama wa meza tatu wamekaa bila kitu cha kuuza, na fundi wangu akabaki anatusaidia kugeuza kola. Kola ya shati ikichakaa anaifungua anaigeuza upande wa ndani unakuja nje, shati linarudi jipya. Hiyo ni sanaa na inapotea, mwambieni fundi wenu awafanyie kabla asahau.

Viatu nitapita haraka. Angalia kama soli imeshonwa ama imebandikwa kwa gundi tu, kunja kiatu katikati, kikifungua mdomo kirudishe. Raba nyeupe iko juu na inaenda na kila kitu, ila kama unaishi mahali pa matope nunua ya rangi nyingine, hakuna lazima.

Maswali. Ndio, dada wa kitenge. Anauliza avae nini kwa mahojiano ya kazi na ana ngiri moja tu, yaani shilingi 1,000. Suruali nyeusi ya kitambaa kizito, kama 250, shati la pamba jeupe au la bluu hafifu 150, fundi 200 akulingishie mabega na kiuno, na hiyo 400 iliyobaki weka kwa viatu. Anza na mabega, shati likikaa vibaya begani hakuna kitu kingine kitaonekana sawa.

Mzee wangu pale nyuma. Anasema ana koti ya suti tangu harusi yake, 1984, imebana kwa tumbo haifungi, watoto wanamwambia atupe. Hapana mzee, usitupe. Umekuja nayo? Ameivaa, haya, njoo nayo hapa mbele baba, itoe kidogo. Makoti ya zamani mafundi walikuwa wanaacha akiba. Nageuza hapa kwa mshono wa mgongo, ndani ya bitana, shikeni hapa muone, mama shika. Vidole viwili. Upande huu na upande huu. Itafunguka mzee, itafunga kifungo.