Kompyuta Inayowaka Ikitaka

Mhadhara uliotolewa kwa vijana wanaojiungia kompyuta, Ngamiani, Tanga

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Ahsanteni kwa kuniita.

Mada yetu ni kompyuta ya mezani uliyoiunga mwenyewe, vifaa vyote vipya, halafu leo inawaka, kesho inagoma. Niseme mapema ninachoamini: kompyuta iliyokufa kabisa ina nafuu kuliko hii. Iliyokufa unaibadilishia kifaa, ikifufuka umepata jibu. Hii unaibadilishia RAM, kile kifaa cha kumbukumbu ya muda, inawaka, unashangilia, kumbe ingewaka hata usingeigusa. Kesho mko palepale na pesa imekwenda. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, jua inagoma katika hali gani, mpaka uweze kuigomesha kwa makusudi. Ukishaweza hivyo, umeikamata.

Kwanza tazama inagomea wapi. Kuna inayobonyezwa na hata feni haitikisiki. Kuna ambayo feni zinazunguka lakini kioo ni cheusi. Na kuna inayoonyesha nembo, kisha inakwama Windows ikipanda. Hayo ni magonjwa matatu, na dawa zake hazifanani.

Feni isipotikisika, anza na swichi ya kasha. Ni kitu cha bei ndogo na huharibika. Chomoa waya wake kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote, gusanisha zile pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi, mara moja tu, kisha achia. Ikiwaka kila ukifanya hivyo, swichi ndiyo mbovu. Isipowaka, hakikisha plagi kubwa ya pini 24 na ile ya prosesa (ubongo wa kompyuta) ya pini 8 zimeingia mpaka kikulabu kikalia. Plagi iliyoingia nusu inaweza kukudanganya wiki nzima.

Niliwahi kuletewa mashine kutoka Makorora iliyokuwa ikiwaka vizuri ikilazwa na kugoma ikisimamishwa. Kijana alikuwa amekwisha kushauriwa anunue pawa saplai nyingine, yaani kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Tukaitoa mazabodi kwenye kasha, tukaiweka juu ya boksi lake la karatasi, tukabakiza prosesa na feni yake, RAM moja na pawa. Ikawaka kila mara. Tukaigeuza: nyuma kulikuwa na alama ya duara, rangi imechubuka, pale palipo na vituta viwili vya lehemu. Ndani ya kasha kulikuwa na nguzo moja ya shaba iliyozidi, katika zile fupi zinazoibeba mazabodi, mahali ambapo mazabodi ile haina tundu la skrubu. Kasha likisimama, mazabodi ilijipinda kidogo ikaigusa nguzo, umeme ukapiga shoti. Tuliifungua nguzo ile, na mashine ikarudi kwao. Ndiyo maana nasisitiza: itoeni mashine kwenye kasha kabla ya kwenda dukani.

Sasa niende kwenye lalamiko ninalolisikia sana mjini hapa: "Asubuhi inasumbua, ikishawaka siku nzima haina neno." Watu husema ni baridi. Ndugu zangu, baridi ipi ya Tanga? Asubuhi ya hapa haitofautiani kiasi hicho na mchana. Kinachotofautiana ni kwamba wengi wetu tunazima soketi ukutani tunapolala. Soketi ikiwa imewashwa, pawa saplai hutoa volti 5 za kusubiri hata kompyuta ikiwa imezimwa. Ukizima ukutani, umeme huo unakatika, kapasita, vile vifaa vidogo vinavyotunza umeme, zinamwaga chaji yake, na kumbukumbu ya mipangilio ya baiosi (programu ya mazabodi inayoanza kabla ya Windows) inabaki ikiitegemea ile betri ya kidonge, CR2032.

Jaribio lake ni hili. Usiku mmoja zima kompyuta lakini soketi iache imewashwa. Usiku mwingine zima na soketi. Rudia, na uandike. Ikigoma tu baada ya soketi kuzimwa, angalia saa ya kompyuta. Saa ikiwa imerudi nyuma, betri ndiyo mshukiwa. Ni ya volti 3, ukiipima kwa mita ukakuta chini ya 2.7 ibadilishe. Saa ikiwa sawa, macho yahamie kwenye pawa saplai. Waya wake wa volti 12 unatakiwa usome kati ya 11.4 na 12.6. Volti hizo zisipotulia haraka, mazabodi haipewi ile ishara kwamba umeme uko tayari, na haianzi. Azima pawa nyingine ujaribu. Ya kwako usiifungue kabisa, kwa sababu kapasita zake hushika chaji hata waya ukiwa umechomolewa, na inaweza kukuua.

Tusisahau ekstensheni. Friji, pasi na kompyuta kwenye waya mmoja mwembamba, halafu tunailaumu mazabodi! Ijaribu kwenye soketi ya ukutani peke yake.

Ugonjwa wa kioo cheusi mara nyingi uko kwenye RAM. Mazabodi mpya, hasa zinazotumia RAM ya aina ya DDR5, mara ya kwanza hujipimia RAM kabla ya kuonyesha chochote, na kazi hiyo huweza kuchukua dakika kadhaa. Mtu anaona kioo cheusi nusu dakika, anazima. Anawasha, upimaji unaanza upya, anazima tena. Muwe na subira, ikibidi robo saa. Kama RAM ni mbili na nafasi ni nne, mazabodi nyingi hutaka ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa; soma kitabu chake. Halafu kasi iliyoandikwa kwenye boksi la RAM, ile ya XMP au EXPO, ni kasi ya kusukumwa, yaani kupita ile ya kawaida. Izime kwenye baiosi, uone kama mashine inatulia siku kadhaa. Ikitulia, umepata pa kushika.

La Windows ni fupi. Ukiizima kwa kawaida, huhifadhi sehemu ya hali yake ili iwahi kuwaka. Ukichagua kuwasha upya, huanza safi. Kwa hiyo inayokwama baada ya kuzimwa lakini haikwami ikiwashwa upya, izimieni huo uwakaji wa haraka kwanza.

Na mkishajua kifaa kibovu, msikipeleke dukani mikono mitupu. Fundi atabonyeza mara moja, itawaka, atawaambia ni nzima. Pelekeni daftari lenye siku, saa na hali ya soketi, na video ya simu inayoonyesha taa za mazabodi: CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya picha) au BOOT (diski ya kuwashia), ipi ilibaki inawaka ilipogoma. Mwombeni pia aiache mashine usiku kucha soketi ikiwa imezimwa, ndipo aijaribu asubuhi.